Roda na Geti: Tunavyokosea Kuhusu Hadithi Nyepesi za Imani na Familia

Shangazi alikikuta kitabu changu jikoni, juu ya kapu la vitunguu, jalada nimelifunika kwa kipande cha kalenda ya mwaka jana. Akafungua katikati, akasoma mistari michache: mke wa mchungaji ameunguza wali siku ile ile askofu anakuja kula. Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akajikaza uso, akaniuliza, "Mwanangu, siku hizi Biblia umeiacha?"

Nimekutana na swali hilo kwa sura nyingi. Kwenye jumuiya, kwenye kitchen party, hata kutoka kwa baba watoto siku aliponiona natabasamu peke yangu saa tano usiku na taa ya simu. Nyuma ya swali huwa kuna dhana fulani, na nyingi ya dhana hizo hazina miguu.

"Hadithi ya kubuni ni uongo, na mwamini hasomi uongo"

Hii inasemwa kwa nia njema, ndiyo maana ni ngumu kuijibu bila kuonekana mjuaji. Lakini uongo ni kumfanya mtu aamini jambo ambalo wewe unajua si kweli. Bibi aliyesema "paukwa", akajibiwa "pakawa", ameshapatana na wajukuu wake kabla sungura hajafungua mdomo. Hakuna aliyedanganywa.

Na nabii Nathani je? Daudi alipomchukua mke wa Uria na kumpeleka mumewe akafe vitani, Nathani hakwenda ikulu na hotuba. Alikwenda na kisa cha maskini mwenye mwanakondoo mmoja, aliyekula tonge la bwana wake na kulala kifuani pake kama binti yake, na tajiri aliyemnyang'anya ili apate kitoweo cha mgeni. Mwanakondoo huyo hakuwepo. Hata maskini hakuwepo. Mfalme akawaka hasira kwa ajili ya watu wa kubuni, na hasira hiyo hiyo ndiyo iliyomnasa: "Wewe ndiwe mtu huyo." Ukirudi nyuma hadi Waamuzi 9, utamkuta Yothamu akisimulia miti iliyotoka kwenda kutafuta mfalme, mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, ikaishia kwenye miiba. Miti haiongei. Waliosikiliza walijua haiongei.

Ubishi huu wenyewe ni mzee. John Bunyan, fundi wa kuziba masufuria wa Bedford, Uingereza, alifungwa miaka mingi kwa kuhubiri bila kibali. Mwaka 1678 akatoa kile kitabu ambacho wengi wetu tumekijua kwa jina la Safari ya Msafiri. Anaeleza mwenyewe, kwa mashairi pale mwanzoni, kwamba alipowaonyesha marafiki, wengine walimwambia akipige chapa, wengine wakamkataza. Akaamua kukitoa ili ajulikane nani alikuwa sahihi.

Watu wanaikumbuka sehemu ya kwanza, yule msafiri, jina lake Mkristo, akikimbia na vidole masikioni huku mke na watoto wanamwita arudi. (Mimi kama mama sijamsamehe kabisa kwa hilo.) Wachache wanajua kwamba mwaka 1684 Bunyan alitoa sehemu ya pili, na safari hii wanaosafiri ni mke yule yule na wanawe wanne. Humo mwendo unabadilika. Kuna kusubiriana, kuna kula njiani, kuna watu kuoana. Mmoja wa wale wavulana anachuma matunda yaliyoning'inia ukutani kutoka shamba la adui, mama anamkemea, anakula hivyo hivyo, na baadaye tumbo linamkata hadi anaitwa tabibu. Mzazi yeyote aliyewahi kumuuliza mtoto "umekula nini huko?" na kujibiwa "sijala kitu" anaijua sura hiyo bila kufafanuliwa.

"Mambo ya imani hayataniwi"

Hapa hutolewa Waefeso 5:4, penye kukataza "maneno ya upuzi" na "ubishi". Soma mstari wa juu yake: Paulo anazungumzia uasherati na uchafu. Analenga utani wa matusi, ule wa vijiweni ambao ukisikia unageuza njia. Hakuna mahali anapomkataza mtu kucheka wali ulioungua.

Familia iliyobeba ahadi ilianza na kicheko. Sara alikuwa nyuma ya mlango wa hema, akasikia wageni wakisema atazaa, akajitazama, akamtazama mzee wake, akacheka moyoni. Alipoulizwa akakana: sikucheka. Akajibiwa: la, ulicheka. Ni mabishano ya kifamilia kabisa. Mtoto alipozaliwa wakamwita Isaka, jina linalotokana na kucheka, kwa hiyo kila alipomwita ndani kula alikuwa anautaja ule mzaha. Yakobo naye alifanya kazi miaka saba kwa ajili ya Raheli, ikafika asubuhi baada ya harusi, na mfasiri wa Kiswahili akalipata neno ambalo lugha nyingi hazina: "kumbe! Ni Lea," dada wa Raheli. Neno hilo moja, kumbe, lina riwaya nzima ndani yake.

Mithali ndiyo usiseme. Mvivu anageuka kitandani kama mlango kwenye bawaba zake. Na kuna 27:14, anayembariki rafiki yake kwa sauti kuu alfajiri na mapema, nayo itahesabiwa kuwa ni laana. Aliyeandika hivyo alikuwa na jirani. Nina hakika alikuwa na jirani.

Mwandishi aliyenifundisha jinsi utani unavyoweza kubeba jambo zito ni C. S. Lewis. Mwaka 1941 gazeti moja la kanisa la Uingereza lilianza kuchapa mfululizo wa barua 31 alizotunga, ambamo shetani mzee anamwandikia mpwa wake namna ya kumpoteza kijana mmoja. Lewis alisimulia baadaye kwamba padri mmoja wa kijijini alimwandikia mhariri akisitisha kulinunua gazeti, kwa sababu ushauri mwingi uliotolewa humo ulikuwa, kwa maoni yake, wa kishetani kabisa. Alikuwa sahihi, ila hakujua kwamba ndiyo maana yake.

Barua hizo zimejaa mambo ya nyumbani. Yupo mama wa yule kijana, anayejiona hana ulafi hata chembe kwa kuwa anataka kidogo tu: chai isiyo kali lakini isiyo nyepesi mno, na kipande kidogo sana cha mkate uliokaushwa barabara. Kila mwenyeji anamwogopa. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini, nikakumbuka mimi mwenyewe nilivyorudisha chai mara mbili kwenye send-off ya binamu yangu, nikisema kwa unyenyekevu wote, "Hata ya rangi tu, msijisumbue, mradi iwe na tangawizi mbichi."

"Anayeandika tafakari ana nyumba tulivu"

Hii niliiamini mimi muda mrefu, na ilinitesa. Nilidhani kitabu cha tafakari za kila siku kinaandikwa na mtu aliyekaa mezani mbele ya dirisha, bustani nje, hakuna mtoto anayetafuta soksi ya pili huku basi la shule linapiga honi. Kwa hiyo nilipokisoma nimesimama, mwiko mkononi, nilijiona nadanganya.

Kitabu cha tafakari kinachojulikana zaidi cha karne iliyopita kwenye Kiingereza kina jina la Oswald Chambers kwenye jalada, nacho kilitoka mwaka 1927. Chambers alikuwa amefariki tangu Novemba 1917, huko Cairo alikokuwa akiwahudumia askari, baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Alikuwa na miaka 43. Aliyekitengeneza kitabu ni mjane wake, Biddy, ambaye kabla ya ndoa alikuwa karani wa hati mkato. Miaka yote ya ndoa alikaa akiandika mafundisho ya mumewe neno kwa neno. Akarudi Uingereza na binti mdogo na marundo ya daftari, na huko Oxford akafungua nyumba ya kupangisha wanafunzi ili wapate kula. Akapika, akafua, akapokea wageni, na katikati ya hayo akapiga chapa, akichagua kipande kwa kila siku ya mwaka. Jina lake hakuliweka kwenye jalada. Mwishoni mwa dibaji zimebaki herufi mbili tu: B. C.

Tangu nilipojua hivyo siombi radhi kwa kusoma karibu na jiko.

"Neno la leo limenichagua mimi"

Baadhi ya watu hufungua ukurasa wa tarehe, wakakuta aya kuhusu subira, wakahitimisha kuwa Mungu anamzungumzia mume wao. Labda. Ila ni vizuri kujua jiko lilivyo. Waumini wa Kanisa la Moravian, ambao kwetu tunawajua tangu walipofika Rungwe mwaka 1891, wamekuwa wakichapa kitabu cha neno la kila siku tangu mwaka 1731. Maneno ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kura huko Herrnhut, Ujerumani, miaka kadhaa kabla ya mwaka wenyewe kufika, kisha panatafutwa mstari wa Agano Jipya wa kwenda nao. Siku kura inapigwa, ule ugomvi wenu kuhusu remote ya televisheni bado haujazaliwa.

Kwangu hilo halilipunguzi neno. Linanizuia tu nisilitumie kama rungu mezani. Na ndiyo, mstari mmoja kwa siku hauchukui nafasi ya kuisoma sura nzima. Shangazi hapo alikuwa na hoja.

"Ni mambo ya kuletwa"

Mwaka 1858, huko kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, mama mmoja mgonjwa alimwita binti yake asogee akae, aje na wino na karatasi, kwa sababu moyoni ana hadithi anayopenda kumwambia. Maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima. Ni Mwana Kupona binti Msham, na utenzi wake una beti mia na ushee. Anaanza na Mungu na Mtume, anaingia kwa wazazi na mume, anashuka hadi usafi wa nyumba, kujipamba, namna ya kuongea na watu, kisha anamaliza kwa dua ndefu. Ukiondoa vina na mizani, ukakigawa kwa siku, una kitabu cha tafakari za familia, kilichotungwa na mama Mwislamu wa pwani ya Kaskazini.

Si kila ushauri wake nitampa binti yangu. Anaposema mume atunzwe kama mtoto asiyejua kunena, wenzangu wengine hukasirika. Mimi nimewahi kumuona mume mwenye mafua, na nikasikia kama yule mama anatabasamu kidogo. Huenda najidanganya.

"Nyepesi maana yake haina machozi"

Riwaya ambayo wengi huitaja kuwa ndiyo iliyofungua soko la sasa la hadithi za mapenzi za Kikristo huko Marekani ya Kaskazini ni ya Mkanada Janette Oke, ya mwaka 1979. Inaanza na mjane kijana mwenye mimba, mumewe amefariki safarini, anakubali kuolewa na mgane asiyemfahamu kwa sababu majira ya baridi yanakaribia na yule bwana ana mtoto wa kulelewa. Wepesi wake uko kwenye namna ya kusimulia: chakula kinachoharibika, mtoto anayegoma, watu wawili wasiojua waseme nini.

Zipo mbovu pia, tena nyingi. Mke anapiga magoti ukurasa wa 12, mlevi anaokoka ukurasa wa 14, na kwenye ukurasa wa 15 wana gari. Hizo nazifunga. Kasoro yake si wepesi. Mwandishi wake hajawahi kumsubiri mtu usiku.

"Ni vitabu vya akina mama"

Mwaka 1896, huko Topeka, Kansas, mchungaji Charles Sheldon aliacha mahubiri ya kawaida ya Jumapili jioni, akawa anawasomea waumini hadithi aliyoitunga mwenyewe, sura moja kila wiki, akikatia pale patamu. Waliokuja walikuwa na ndevu pia. Nikaliacha hapo, maana baba watoto anayesema hivi ndiye aliyekimaliza kile cha askofu kabla yangu.

Juzi usiku, kwenye ibada ya nyumbani, ilikuwa zamu yangu kusoma. Nikaenda Matendo 12. Petro ametoka gerezani usiku, anabisha hodi kwenye nyumba ambamo watu wanamwombea atoke. Kijakazi, Roda, anaitambua sauti, na kwa furaha anasahau kufungua, anarudi mbio ndani kuwaambia. Wanamjibu, "Una wazimu." Petro yuko nje bado anagonga. Watoto walicheka, mdogo akagonga meza akijifanya Petro. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni dada anayetusaidia kazi, amesimama kwenye mlango wa jikoni na kanga begani.

Akauliza, "Na walipomkuta kweli yuko nje, Roda walimwomba msamaha?"

Nikarudi kwenye mistari, nikaisoma kimoyomoyo hadi mwisho wa sura. Hakuna. Na asubuhi ya siku hiyo aliniambia mtu wa maji alipita, akagonga geti mara mbili. Nikamwambia ameota.