Kuvimba miguu: maana, chanzo na tiba

Kuvimba miguu si jina la ugonjwa. Ni dalili kwamba majimaji yamejikusanya chini ya ngozi badala ya kurudi kwenye mzunguko wa damu. Kila wakati majimaji hupenya kuta za mishipa midogo ya damu na kuingia katika tishu, kisha mishipa ya limfu huyakusanya na kuyarudisha, huku protini iitwayo albumini ikisaidia kuyazuia yasitoke kupita kiasi. Mpango huo ukivurugika, miguu ndiyo huonyesha mapema, kwa kuwa maji hufuata mteremko.

Ukitaka kuhakikisha, bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi kwa sekunde kadhaa, kisha uachie. Kikibaki kishimo kinachojaa polepole, hayo ni maji. Matende ya muda mrefu ni tofauti, maana ngozi huwa imekuwa nene na ngumu, haibonyei kirahisi.

Swali la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote, ni kama umevimba mguu mmoja au yote miwili. Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu kwenye kigimbi, huenda una damu iliyoganda katika vena za ndani, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, na donge hilo likimeguka laweza kufika mapafuni na kuua. Mguu wa namna hiyo hauchuliwi kwa mafuta. Mgonjwa huwahishwa hospitali siku hiyohiyo.

Miguu yote miwili ikivimba, shaka huelekea kwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, figo zinazopoteza protini kwenye mkojo, au ini lililochoka kutengeneza albumini. Mjamzito huvimba kidogo bila ubaya, ila akiwa na shinikizo la damu, maumivu makali ya kichwa au kuona ukungu, hiyo ni dharura. Chanzo kinachosahaulika mara nyingi ni dawa: amlodipini, inayotumika kushusha shinikizo la damu, hutanua mishipa midogo hadi maji yakavuja, na vidonge vya kukojoza havisaidii sana hapo. Daktari hupunguza dozi au hubadilisha dawa. Mgonjwa asiiache kwa uamuzi wake.

Tiba, basi, hufuata chanzo. Furosemidi, dawa ya kukojoza, hutoa maji kwa mgonjwa wa moyo, lakini haiyeyushi damu iliyoganda, ambayo huhitaji dawa za kuzuia kuganda. Kuinua miguu juu ya usawa wa moyo na kupunguza chumvi iwe chini ya gramu 5 kwa siku huwafaa wengi. Soksi za kubana huwasaidia wenye vena dhaifu, ila zaweza kumdhuru mwenye ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) zilizoziba. Mgonjwa wa moyo hushauriwa pia kujipima uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula, kwa sababu kilo 2 zilizoongezeka ndani ya siku tatu ni maji, si unene, na mizani yaweza kuyaonyesha kabla viatu havijaanza kubana.