Hiyo "na" katika "maji safi na salama" haikuwekwa bure

Juzi nilikuwa Tukuyu kwa shangazi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kama ilivyo desturi ya kule, na asubuhi nikakuta ndoo jikoni imejaa maji ya chemchemi, kopo la plastiki linaelea juu. Nikauliza kama yamechemshwa. Shangazi hakujibu. Alichota glasi moja, akaiinua kuelekea dirishani, akaniambia, "Baba, maji safi haya. Hebu tazama, hata chembe. Yanatoka chini ya mwamba."

Kweli, chembe haikuwemo. Ungeweza kusoma gazeti kupitia glasi ile.

Ningenyamaza kama isingekuwa mara ya nne mwezi huo. Makambako, mhudumu wa nyumba ya wageni aliniletea jagi akaniambia ninywe bila wasiwasi kwa sababu maji ni "safi kabisa". Mafinga nilikaa kwenye mkutano wa mtaa ambako msemaji alitamka "maji safi na salama" kwa mkupuo mmoja, mara nyingi sana, mpaka ikawa neno moja refu, majisafinasalama, na sidhani kama alikumbuka kuwa anataja vitu viwili. Ni viwili.

Tafsiri yenyewe ni fupi. Maji safi hayana uchafu unaoweza kuuona, kuunusa au kuuonja: hayana tope, hayana rangi, hayanuki. Maji salama ni yale ambayo ukiyanywa leo na kesho na mwakani hayatakuletea madhara, kwa sababu hayana vimelea vya maradhi, wala kemikali kwa kiasi cha kudhuru. Kipimo kimoja cha Shirika la Afya Duniani kinatosha kuonyesha umbali uliopo kati ya hayo mawili: ukichukua mililita 100, ambazo hazifiki hata nusu ya glasi ya shangazi, asipatikane ndani yake hata bakteria mmoja wa aina ya E. koli. Bakteria huyo makazi yake ni matumbo ya watu na wanyama, kwa hiyo akionekana majini maana yake kinyesi kimepita hapo. Jicho halina uwezo huo, hata liwe la kijana.

Sasa tuje kwenye maneno, maana ndiko tunakoteleza.

Yote mawili tumeyapata kutoka Kiarabu, lakini si ndugu. "Safi" limetoka kwenye mzizi wenye maana ya kitu kuwa kiangavu, kisichochanganyika na kingine. Jina Mustafa linatoka humo humo, "aliyeteuliwa", kana kwamba amechujwa akabaki yule bora. Ni neno la macho na la chujio tangu kuzaliwa kwake. "Salama" lina mzizi mwingine, wa uzima, wa kutoka kwenye jambo bila kudhurika. Huko ndiko walikotoka salamu, kusalimika, Uislamu, na hata Dar es Salaam. "Safi" linaeleza kitu kilivyo. "Salama" linaeleza kitakachokupata wewe ukikutana nacho.

Panda Coaster ya kutoka Mbeya kwenda Kyela siku ya gulio. Utabanwa na ndizi, kuku atakunyea kiatuni, na ukishuka utapiga simu nyumbani useme "tumefika salama". Hutasema tumefika safi. Kisu kilichooshwa na kufutwa ni safi, lakini hakuna mama atakayemwachia mtoto wa miaka miwili achezee. Hata wale wa kondomu walilijua hili. Waliziita Salama, na ingekuwa kichekesho kuziita Safi.

Basi tumekosea wapi? Nadhani ni kwenye salamu. "Mambo?" "Safi." "Habari za nyumbani?" "Salama." Pale unaweza kubadilisha moja kwa jingine na hakuna atakayekushangaa, kwa sababu salamu haichunguzi kitu. Ulimi ukazoea, tukahamishia mazoea hayo kwenye ndoo.

Sarufi nayo haikutusaidia. Kutoka "safi" tumepata kitendo cha kila siku, kusafisha. Kutoka "salama" tulipata kusalimisha, ambacho ni kile anachofanya mtu mwenye bunduki haramu akiipeleka kituoni. Kwa hiyo hatuna kitenzi chepesi cha kuyafanya maji yawe salama. Wataalamu wanasema kutibu maji, kama vile maji ni mgonjwa, na mwananchi wa kawaida akisikia hivyo anajibu kwamba yake hayaumwi. Anaendelea kuyasafisha. Anayapitisha kwenye kitambaa cheupe, majani na wadudu wanabaki juu, bakteria wanapita kama watu kwenye geti la uwanja.

Halafu kuna hili la serikali, ambalo silaumu lakini linachanganya. Mbeya na Iringa, kwenye ankara na kwenye geti la ofisi, utasoma "Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira". Majisafi, neno moja. Hapo hakuna sifa inayotolewa. Majisafi ni kinyume cha majitaka: bomba moja linaleta, jingine linaondoa. Ni jina la huduma, kama garimoshi lilivyo jina la chombo. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma haitoi moshi wowote, na bado ukiiita garimoshi hakuna atakayekukamata. Kwa hiyo mtu anayesema "bomba letu ni la majisafi, imeandikwa" amesoma jina akadhani amesoma cheti.

Lakini linalonimalizia subira ni harufu ya dawa. Maji ya mamlaka yanatiwa klorini ili kuua vimelea, na kiasi kidogo kinaachwa makusudi kiyasindikize njiani. Shirika la Afya Duniani linataka kwenye bomba la mtumiaji ibaki walau miligramu 0.2 kwa lita. Hiyo ndiyo askari wa zamu: mpira ukitoboka mtaroni au dumu likiwa na utando ndani, kuna wa kupambana. Sasa watu wanainusa, wanakunja pua, wanasema "maji ya bomba machafu, yana dawa", wanachukua madumu wanateremka bondeni kwenye chemchemi ambayo juu yake, kwenye mteremko ule ule, kuna vyoo vya shimo na zizi. Wanarudi wamefurahi. Yaliyo salama yameitwa machafu, na ambayo hakuna ajuaye yakoje yameitwa safi.

Vivyo hivyo na maji yanayotoka bombani meupe kama yamechanganywa na maziwa. Nimeona mtu akiyamwaga kwa hasira. Yaweke kwenye glasi utulie: yakianza kung'aa kutoka chini kwenda juu, ile ni hewa tu iliyobanwa kwenye bomba.

Kosa hili si la washamba, asije mtu wa mjini akajisikia. London mwaka 1854, kipindupindu kilipovuma Soho, pampu ya Broad Street ilipendwa kwa maji yake. Mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na pale, alikuwa akiletewa chupa ya maji hayo kwa sababu aliyapenda kuliko ya kwao. Alikufa kwa kipindupindu mahali ambapo majirani zake hawakuugua. Daktari John Snow alikiona kisa hicho kuwa ushahidi mzito kuliko mingine kwamba ugonjwa ulitoka kwenye maji ya pampu ile. Na hapa hapa nchini, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kuna maji yanayong'aa kama kioo lakini yana floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita inayopendekezwa, na meno ya waliokulia huko yana rangi ya kahawia. Hayo hata ukiyachemsha huyasaidii: mvuke unaondoka, floraidi inabaki.

Nisieleweke vibaya kwamba usafi hauna kazi. Una kazi, na ndiyo maana kwenye ule msemo umetangulia. Maji yenye tope yanamaliza klorini kabla haijafika kwa vimelea, na vimelea vyenyewe vinajificha nyuma ya chembe za udongo. Kwa hiyo unayaacha yatuame, unachuja, ndipo unatia dawa au unachemsha. Ile "na" inaonyesha hatua ya pili. Wengi tunaishia ya kwanza.

Kuhusu kuchemsha, Njombe nilikutana na hoja ya kisomi kidogo: kwamba huku juu maji huchemka mapema kwa hiyo moto hauui kitu. Nusu yake ni kweli. Njombe inakaribia mita 2,000 juu ya bahari, na maji ya hapo huchemka kwenye nyuzi kama 93 badala ya 100. Lakini vimelea vinavyoleta homa ya matumbo na kipindupindu vinakufa kabla ya hapo. Wataalamu wa afya wa Marekani wanashauri maji yatokote dakika moja, na tatu kama uko juu ya mita 2,000, basi. Yatokote, yaani yaruke mapovu makubwa. Kupata moto si kuchemka, na mvuke kwenye mfuniko si ushahidi.

Rudi jikoni kwa shangazi. Nikiwa bado nimeshika ile glasi, mjukuu wake wa miaka mitano alikuja mbio, akanywa kwa kopo, likamponyoka likaanguka sakafuni karibu na mlango ambako kuku walikuwa wamepita. Akaliokota, akalifuta kwenye kaptula, akalirudisha kwenye ndoo likaelea kama mwanzo. Maji hayakubadilika rangi. Hata kama yangekuwa yamechemshwa dakika kumi, pale pale yalikuwa yameacha kuwa salama bila kuacha kuwa safi. Ndiyo maana sipendi kusema chemchemi fulani "ni salama" kana kwamba ni jina lake la ubatizo. Maji huwa salama au huacha kuwa salama kwa saa, kama msafiri.

Macho yanatudanganya na mengine humo humo ndani. Kwenye rafu ya shangazi kulikuwa na chupa mbili za maji ya dukani zimepangwa pamoja. Moja ina maji. Nyingine ina dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, iliyopimwa dukani kwa rejareja. Zote zinang'aa sawa. Na mwezi wa sita na wa saba, baridi ya huku ikikaza, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga dirisha wakalala. Mkaa ukishashika vizuri hautoi moshi, chumba kinaonekana kina hewa safi, na hewa ya sumu inayotoka kwenye kaa lile haina rangi wala harufu. Ile chupa ya dawa niliihamishia juu ya kabati, nikaiandika kwa kalamu ya wino mzito. Shangazi alitazama tu.

Sikumwambia amekosea. Kwa umri wake na kwa maji yale ningekuwa mkosa adabu, na kwa Kiswahili cha kamusi alikuwa sahihi: yalikuwa safi. Nilimwambia tu kwamba yale tuyaite maangavu, neno zuri ambalo tumeliacha litumike kwenye mashairi. Akacheka. "Na mgeni akiuliza kama wewe, nimwambie maangavu?"

Nikamwambia hapana, shangazi. Mgeni akiuliza, mwambie ulichoyafanyia: "nimeyachemsha jana jioni, yako kwenye ndoo ya koki yenye mfuniko." Kama hujayafanyia kitu, mwambie hivyo pia.

"Ndaga," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa, akachukua glasi mkononi mwangu, akairudishia ndoo, akaniletea chai.