Nimemsamehe, je, nimrudishie ufunguo?

Katika kazi yangu ya uchungaji na ushauri hapa Tabora, swali ninaloletewa mara nyingi kuhusu watu wadanganyifu si namna ya kumtambua mwongo, kwa maana wengi wanaonijia wamekwisha kumtambua. Wanachouliza, tena kwa hofu ya kweli, ni kama Mkristo anayo ruhusa ya kukaa mbali na mtu ambaye amekwisha kumsamehe.

Nilijifunza jibu lake kwa uchungu. Kikundi kimoja cha akina mama cha kuweka na kukopa kilikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na kila ufunguo ulitunzwa na mama tofauti ili sanduku lisifunguliwe pasipo wote watatu kuwapo. Mmoja wa watunza funguo aliwazungusha wenzake kwa habari za ugonjwa na msiba hadi wakamwachia funguo zao kwa siku moja, na fedha zikapungua. Alipogundulika alilia mbele ya kikundi, akaomba msamaha, akasamehewa. Wiki hiyohiyo akadai arudishiwe ufunguo, akisema kwamba wasipompa watakuwa wamesamehe kwa midomo tu. Mwenyekiti wao akaja kwangu. "Baba Mchungaji," alisema, "moyoni nimemwachilia kabisa, lakini mkono unakataa kumpa ule ufunguo. Je, hii si dhambi?" Nikamjibu, "Mama, upendo huamini yote, mrudishie." Haikupita miezi miwili, hila ileile ikarudi, na safari hii sanduku lilibaki tupu. Lile kosa lilikuwa langu, kwa sababu mkono wa yule mama ulikuwa umeona jambo ambalo mimi nililifunika kwa mstari wa Biblia.

Tangu hapo nimeisoma upya sura ya 26 ya Samweli wa Kwanza. Daudi anaingia usiku katika kambi ya Sauli aliyekuwa akimwinda, anachukua fumo, yaani mkuki, na gudulia la maji vilivyokuwa kichwani pa mfalme, na anakataa kumwua. Sauli anakiri kwamba amekosa, anamwita mwanangu, anamsihi arudi na kuahidi kwamba hatamdhuru tena. Angalieni Daudi anavyofanya: fumo analirudisha, lakini halipeleki mwenyewe, anasema kijana mmoja avuke aje alitwae. Sura inaishia hapo, Daudi akienda zake na Sauli akirudi mahali pake. Hakuna kisasi, hakuna tusi, na hakuna kurudi nyumbani kwa Sauli. Msamaha wa Daudi ulikuwa kamili, na umbali wake nao ulikuwa kamili. Bwana wetu mwenyewe, Yohana anatuambia katika 2:24, hakujiaminisha kwa watu waliovutwa na ishara zake, kwa kuwa aliwajua wote. Hata hivyo aliwafia.

Msamaha ninaweza kuutoa leo jioni, kwa kuwa unategemea neema niliyopewa mimi. Uaminifu wa mwenzangu unahitaji siku zipite, na siku hizo ndizo mdanganyifu asizozitaka. Wagibeoni katika Yoshua 9, wakijifanya wametoka nchi ya mbali ili Israeli iwaapie amani, walikuja na mikate iliyoingia ukungu na viriba vilivyochakaa, na watu wa Israeli wakavipokea vile vyakula kuwa ushahidi, wasitake shauri kinywani mwa BWANA. Siku 3 baadaye ikajulikana kwamba wageni wale wa mbali walikuwa majirani. Kama kiapo kingesubiri siku hizo 3, kisingeapwa.

Wakristo wa kwanza walilijua jambo hili. Didake, mafundisho ya kale sana ya Kanisa, yanaagiza mhubiri msafiri apokewe kama Bwana, lakini akikaa siku 3, au akiomba fedha aondokapo, ni nabii wa uongo. Sisi tunaoishi mji ambao reli ya Kigoma na ya Mwanza zinaachana, na wageni wenye Biblia mkononi hushuka stesheni mara kwa mara, tungefaidika na utaratibu kama huo: chakula na malazi tutoe mara moja, mimbari na mfuko wa sadaka visubiri.

Lazima nionye pia upande wa pili, kwa sababu tahadhari isiyo na maarifa humwonea mtu mwema. Sokoni kwetu wapo wanaoikataa asali iliyoganda wakidhani imetiwa sukari, ilhali asali safi nayo huganda. Na wapo wanaochovya njiti ya kiberiti ndani yake na kuiwasha, ingawa jaribio hilo haliwezi kuthibitisha usafi wake. Mnunuzi mwangalifu huuliza imetoka mzinga upi, kwa nani, na msimu uliopita ilikuwaje. Vivyo hivyo ndugu mkimya au mkali wa maneno asihukumiwe kwa sura. Mathayo 7 inasema tutawatambua kwa matunda yao, na matunda yana msimu.

Umbali wenyewe una viwango. Mwingine utamsalimia na kuacha kumkopesha. Mwingine, baada ya maonyo mawili, Tito 3:10 inataka akataliwe. Anayekupiga au kukutishia uhai, ondoka kwanza, kisha nenda dawati la jinsia na watoto polisi. Kwake huyo usinisubiri mimi.

Kile kikundi kilianza upya na sanduku lilelile, baada ya mimi kuwaomba radhi wanachama wote. Yule mama aliyewadanganya anahudhuria, anaketi mkekani pamoja nao, anapokea chai kama wenzake na kurejesha deni kidogo kidogo. Kufuli zinafunguliwa na watatu wengine, naye anahesabu hisa zake wote wakitazama.