Mshtuko wa mzio si harara

Huku kwetu mtu akisema "pweza ananidhuru" hapana anayeuliza zaidi. Akila, mwili unamchafuka, anawashwa, kesho amepoa. Huo ni mzio. Mshtuko wa mzio, ambao madaktari huuita anafilaksia, ni jambo jengine: ndani ya dakika chache presha inaporomoka na njia ya pumzi inaziba.

Kwa watoto chanzo kikubwa ni chakula: njugu, korosho, mayai, maziwa, samaki, kamba. Kipande cha kashata alichogaiwa na mwenzake wakati wa mapumziko chatosha. Nyuki pia. Utamuona midomo imevimba, sauti inakwama, anakohoa, kifua kinalia, anatapika, analegea. Vipele huenda visiwepo kabisa, nami naliona hilo ndilo la kuogopwa zaidi, maana mwalimu anayesubiri vipele atachelewa.

Dawa ya kwanza ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja, upande wa nje. Ipo ya mfano wa kalamu, iliyokwisha pimwa: miligramu 0.15 kwa mtoto mdogo, 0.3 kwa mkubwa, na hupenya hata juu ya sare. Asipopata nafuu baada ya dakika 5, apigwe ya pili. Piriton hupunguza muwasho tu, haifungui pumzi. Na yale maziwa au maji ya dafu tunayoyakimbilia mtu akidhurika, tafadhali tuyaache. Anayekabwa hanyweshwi kitu. Alazwe chali, miguu inyanyuliwe. Pumzi ikimshinda, akae kitako. Asisimamishwe, wala asitembezwe hadi ofisini kwa mwalimu mkuu. Kisha hospitali, hata akionekana mzima, kwani hali huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Asiye na kalamu aulize mapema kama kituo cha afya cha karibu kina adrenalini ya kichupa.

Watoto wetu asubuhi wako skuli, jioni wako chuoni, yaani madrasa. Dawa iliyofungiwa kabatini skuli haimfai mtoto aliyebanwa na pumzi akiwa chuoni. Kwa hiyo iwe mkobani mwake, mbali na jua, pamoja na karatasi yenye picha yake, kinachomdhuru, kipimo na simu ya mzazi. Mwalimu wa chuo naye aoneshwe, kwa kalamu ya mazoezi isiyo na sindano, namna ya kuishika na pahala pa kuipiga.