Je, wajua kwa nini pampu ya mafuta ya gari, ile ya "lita 255", haitoi lita 255?

Boksi limeandikwa lita 255 kwa saa. Pampu imefungwa, nozeli mpya za kunyunyizia mafuta zipo, tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini) inapuliza kama inavyotakiwa, lakini gari likikanyagwa hadi mwisho kwenye gia ya tatu linaanza kukohoa. Lawama zinakwenda kwa plagi, kwa nozeli, kwa aliyepanga kompyuta ya injini. Pampu haimo kabisa kwenye orodha ya washukiwa, maana ni mpya na namba yake ni kubwa.

Namba hiyo si ya uongo, ila inajibu nusu ya swali. Lita 255 kwa presha gani, na kwa volti ngapi?

Pampu ya umeme ni mota ndogo inayozungusha kisukumio ndani ya mafuta. Ikisukuma bila kizuizi inatoa mengi. Ikikabwa mbele, mota inaelemewa na kupunguza mizunguko, na sehemu ya mafuta inapenya kurudi nyuma kupitia nafasi finyu zilizomo ndani ya pampu yenyewe. Presha ikipanda, lita zinashuka. Kuna mtengenezaji anayepima pampu yake kwa baa 3 (baa ni kipimo cha presha) na kuna anayepima ikimwaga wazi tu bila presha yoyote, kisha wote wawili wanaandika namba moja kubwa kwenye boksi. Kwa hiyo kinachonunuliwa hasa ni grafu: lita ngapi kwa kila presha, kwa volti zilizotajwa. Pampu isiyo na grafu mimi siinunui, hata iwe na jina gani.

Sasa tabo nayo ina utundu wake. Chukua injini ambayo riguleta yake (kidhibiti cha presha ya mafuta) imewekwa baa 3. Nozeli zinanyunyizia kwenye manifoldi, njia ya kuingizia hewa kwenye injini, na tabo inapojaza humo hewa ya baa 1.5, hewa hiyo inayasukuma mafuta yarudi yalikotoka. Presha inayobaki kufanya kazi ni baa 1.5 tu. Nozeli hufuata kipeuo cha pili cha tofauti ya presha, kwa hiyo tofauti ikipungua kwa nusu mafuta yanabaki kama asilimia 71, tena wakati injini ina kiu kuliko wakati wowote. Ndiyo maana riguleta huunganishwa kwa kimpira na manifoldi: kila hewa inapoongezeka, nayo inapandisha presha ya mafuta kwa kiasi kilekile. Nozeli zinapona, mzigo unahamia kwa pampu, ambayo sasa inatakiwa kutoa lita nyingi zaidi kwa baa 4.5.

Na pampu inayosukuma dhidi ya presha kubwa hunywa ampea nyingi zaidi. Ampea zikipanda, waya mwembamba unakula volti nyingi zaidi njiani, pampu inapokea volti chache, inapunguza mwendo, na lita zinashuka tena. Waya wa kiwandani ulipimwa kwa pampu ndogo ya kiwandani. Si ajabu kukuta volti 13.8 kwenye betri na 11.5 tu kwenye vichwa vya pampu. Kabla ya kununua pampu kubwa zaidi, pima hapo kwenye pampu kwanza, injini ikiwa na mzigo. Mara nyingi dawa ni waya mnene kutoka kwenye betri, wenye fyuzi na rilei yake (swichi ya umeme), pamoja na ethi safi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi. Ethi husahaulika sana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Injini ya petroli isiyo na tabo, ikiwa inavuta kwa nguvu zote, hula karibu gramu 230 kwa kila nguvu farasi moja kwa saa. Yenye tabo hula 270 au zaidi, kwa kuwa huongezewa mafuta ili kupoza mwako. Tuseme unataka nguvu farasi 400 kwa tabo. Hizo ni kama kilo 108 kwa saa, na lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, kwa hiyo ni lita 146. Ongeza asilimia 20 ya akiba, unafika 175. Kisha tafuta kwenye grafu pampu inayotoa 175 kwa baa 4.5, si kwa baa 3. Ukihamia kwenye E85, mchanganyiko wenye ethanoli nyingi, ongeza theluthi moja au zaidi, na hakikisha pampu imetengenezwa kwa ethanoli, maana si mpira wala plastiki zote zinazoivumilia.

Basi si tununue kubwa kuliko zote tumalize? Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma tu bila kukanyagwa mafuta, inakunywa lita moja au mbili kwa saa. Zaidi ya lita 250 zilizobaki lazima zirudi kwenye tangi, na bomba la kurudishia likiwa jembamba presha inapanda yenyewe, riguleta inashindwa, gari linanuka petroli likiwa limesimama. Pampu inayokula ampea 10 nayo inageuza wati 135 hivi kuwa joto, na joto hilo huishia ndani ya mafuta yanayozunguka bila kutumika.

Joto hilo linarudi kukudhuru upande wa kuvuta. Pampu ni hodari wa kusukuma lakini dhaifu wa kuvuta: ikivuta, presha inashuka, na petroli ya moto huchemka upesi na kutoa mapovu ambayo pampu haiwezi kuyasukuma. Ndiyo maana magari mengi ya nozeli yana pampu ndani ya tangi, ikiwa imezama na kupozwa na mafuta yenyewe. Ukiiweka nje, iwe karibu na tangi na chini ya usawa wa mafuta. Filta iliyo kabla yake iwe na matundu makubwa, mikroni 100 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Ile ya mikroni 10 ikae baada ya pampu. Wenye kabureta wao wasiguse pampu hizi za baa 3. Kabureta inataka karibu baa 0.3 hadi 0.5, zaidi ya hapo inafurika.

Ukimaliza kufunga, weka geji ya presha ya mafuta mahali utakapoiona, au iunganishe na kompyuta ya injini irekodi. Panda gia ya tatu, kanyaga hadi mwisho. Hewa ya tabo ikipanda kwa baa 1, mafuta nayo yapande kwa baa 1. Mshale ukisita au kuanza kushuka huku hewa bado inapanda, ondoa mguu papo hapo: injini yenye tabo inayokosa mafuta huanza kugonga (mafuta hulipuka yenyewe ndani ya silinda), na pistoni huweza kuyeyuka kabla hujafika mwisho wa gia.