Ndiyo, ni neno moja tu, na bado hatuligusi

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Safari hii ni kijana anayetengeneza programu ya duka la jumla la shemeji yake kwa wxPython, yaani wxWidgets (kwa kifupi wx, maktaba ya kutengenezea madirisha na vitufe, ambayo naisaidia kwa kujitolea) ikitumiwa kwa lugha ya Python, akanipigia simu saa nne usiku. "Kaka, nyie watu wa wx mna shida gani? Si mbadilishe tu huo mstari mmoja?" Nimeshaambiwa hivyo mara nyingi mno, na nyuma yake huwa kuna imani ileile: kwamba maktaba ya violesura ni rundo la vitufe na visanduku, kwamba hitilafu zinakaa miaka kwa sababu wanaojitolea hawalipwi, na kwamba mtu mwenye bidii angezimaliza zote mwisho wa wiki moja.

Naandika leo ili mwingine akiuliza nimtumie hapa.

Tatizo lake kwanza. Ana kisanduku cha bei. Muuzaji akiandika 25000, yeye anataka kionekane 25,000. Kwa hiyo anasikiliza tukio la wxEVT_TEXT (taarifa kwamba maandishi yamebadilika), anayasoma maandishi, anatia koma, kisha anaita SetValue, amri ya kuweka maandishi mapya kisandukuni. SetValue inapiga tukio la wxEVT_TEXT. Tukio linaita amri yake. Amri yake inaita SetValue. Programu inajizungusha hadi inakata roho, na shemeji anabaki na foleni ya wateja.

Kijana ana haki ya kulalamika, tena zaidi ya anavyojua. Amri nyingi za wx zinazobadilisha thamani ya wijeti (kitufe, kisanduku na vingine vya dirishani) hazipigi tukio lolote. Tukio huja pale mtumiaji mwenyewe anapogusa. SetValue ya kisanduku cha maandishi inakwenda kinyume, na nyaraka zetu zinakiri jambo hilo waziwazi. Kuhusu ukubwa wa kazi pia hajakosea. Fungua chanzo cha maktaba utaona: SetValue inaita DoSetValue na kuipa bendera SetValue_SendEvent, yaani "piga tukio". Weka SetValue_NoEvent mahali pake, kompaili (geuza maandishi ya programu yawe programu inayoendeshwa), kwisha. Hata mstari haufiki. Ni neno.

Tulibadilishe, basi. Sasa fikiria programu ya mtu mwingine, iliyoandikwa miaka ishirini iliyopita, yenye kisanduku cha idadi na kisanduku cha jumla. Mwandishi wake aliona kwamba akiita SetValue kwenye idadi, tukio linapigwa na jumla inajihesabu yenyewe. Akaacha hivyo, na alifanya sawa, maana nyaraka zilimwambia ndivyo itakavyokuwa. Siku anapohamia toleo jipya lenye neno letu jipya, kodi yake, yaani maandishi ya programu yake, inakompaili bila onyo hata moja. Programu inafunguka. Vitufe vinabonyezeka. Jumla tu ndiyo haibadiliki tena.

Hapo ndipo uvumilivu wangu unapoisha, kwa sababu hiki ndicho watu hawataki kukiona. Mabadiliko yanayovunja kodi kwa kelele, kompaila ikakataa, ni mabaya lakini yanavumilika: mtu anaona, anakasirika, anarekebisha. Yanayovunja kimyakimya yanamfikia muuza duka ambaye hajui wx ni kitu gani, na anachokiona ni hesabu zisizolingana jioni. Hakuna anayeweza kuwajua watu hao wote. Hatuna orodha yao. Leseni yetu ni ile ya LGPL, leseni ya programu huria, pamoja na ruhusa ya ziada, mtu anaweza kufunga programu yake na kuiuza bila kutuaga, na tulitaka iwe hivyo. Kwa hiyo kila tabia iliyomo ndani, nzuri na mbaya, kuna mtu mahali fulani ameiegemea.

Njia iliyochukuliwa ni kuongeza amri ya pili, ChangeValue, inayofanya kazi ileile bila kupiga tukio. Ipo tangu familia ya 2.8, iliyotoka Desemba 2006. Kijana alikuwa nayo mkononi muda wote. Nilipomwambia akanyamaza, kisha akauliza kwa nini haikuitwa SetValue tangu mwanzo, na swali hilo ni zuri kuliko lile la kwanza.

Jibu ni kwamba mwanzo ni wa zamani. Mwaka 1992 Julian Smart, akiwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alihitaji programu moja iende kwenye mashine za Sun na pia kwenye kompyuta za Windows. Akatengeneza tabaka la kati. Herufi w ni ya Windows, x ni ya mfumo wa X, ule wa madirisha kwenye mashine kama hizo za Sun, na maktaba ikaitwa wxWindows mpaka Microsoft ilipoomba ibadilishwe, ikawa wxWidgets mwaka 2004. Wazo halijabadilika: hatuchori kitufe chetu. Tunaiomba Windows itupe chake, Mac itupe chake, na kwenye Linux tunakiomba kwa GTK, maktaba ya vitufe ya huko. Ukikata sauti kwa Audacity ya toleo la 3, ukituma mafaili kwa FileZilla, ukichora sakiti kwa KiCad au ukitafsiri programu kwa Poedit, umeshabonyeza vitufe vilivyopitia hapo.

Kuomba vitufe vya wenyewe maana yake ni kurithi tabia za wenyewe. Mfano mwepesi ni dirisha lenye Sawa na Ghairi: Windows huweka Sawa kushoto kwa Ghairi, Mac huiweka Sawa mwisho kabisa kulia. Tuna kipangaji maalumu kinachovigeuza kulingana na mfumo. Hilo halisumbui.

Linalosumbua ni mwisho wa mstari. Ndani ya kisanduku cha kawaida cha mistari mingi, Windows hutenganisha mistari kwa herufi mbili, \r\n. Sisi tukikurudishia maandishi kwa GetValue, amri ya kuyasoma, tunakupa \n peke yake kwenye mifumo yote, ili kodi yako isihangaike. Ukarimu huo una gharama. Ukiuliza kishale cha kuandikia kiko wapi, namba unayopewa ni ya kisanduku, na kisanduku kinahesabu mbili kila mwisho wa mstari. Ukiichukua namba hiyo ukaitumia kukata maandishi ya GetValue, unakosea kwa nafasi moja kwa kila mstari uliopita.

Jaribu hivi kwenye Windows. Andika mistari minne, wa kwanza mchele, wa pili unga, wa tatu mafuta, wa nne samaki wabichi. Teua neno samaki kwa kipanya. Uliza mwanzo na mwisho wa uteuzi, kisha kata sehemu hiyo kwenye maandishi ya GetValue. Hutapata samaki. Utapata "aki wa". Mistari mitatu imepita, nafasi tatu zimesogea. Kwenye Linux kodi hiyohiyo inakupa samaki mzima, kwa hiyo mtengenezaji anayefanyia kazi Linux anaapa kwamba programu yake haina kosa, na mteja wake wa Windows anaapa kwamba ina kosa, na wote wawili wanasema kweli.

Dawa ipo: tumia GetRange, ambayo inazielewa namba za kisanduku, na usizipeleke namba hizo kwenye maandishi ya GetValue. Imeandikwa kwenye nyaraka. Lakini kila baada ya muda mtu anatuletea kiraka, yaani marekebisho ya kodi, cha mistari kumi kinachozigeuza namba ndani kwa ndani, na kinafanya kazi vizuri kabisa kwenye mfano wake. Halafu unakifungulia faili refu, na kila kishale kinaposogea kisanduku kinahesabu mistari upya tangu juu. Halafu unawakumbuka waliokwisha kuirekebisha tofauti hiyo ndani ya kodi zao kwa mkono. Sasa watakuwa wamerekebishiwa mara mbili.

Kuna jingine la kompaila ambalo nitalipitia haraka. Kwenye tawi thabiti, lile ambalo watu wanalitegemea tayari, hatuongezi amri ya virtual (ile ambayo programu huitafuta kwa nafasi yake kwenye jedwali) katika darasa lililokwisha kutoka, hata iwe na faida gani, kwa sababu jedwali hilo linabadilika na programu iliyokompailiwa jana itaita nafasi isiyo yake. Ni kama kubadilisha namba za nyumba mtaani wakati barua ziko njiani. Ndiyo maana marekebisho mengi makubwa husubiri familia mpya, na kati ya 3.0 ya Novemba 2013 na 3.2 ya Julai 2022 watu walisema wx imekufa. Haikufa. Matoleo ya maendeleo kuanzia 3.1.0 hadi 3.1.7 yalikuwa yanatoka, na msaada wa skrini zenye nukta nyingi ulijengwa humo.

Sasa kuhusu kujitolea. Wengi wanadhani tunachojitolea ni kuandika kodi. Kodi inaletwa, tena mara nyingine nzuri sana. Kiraka ni kama kuletewa mbuzi: unashukuru kwa moyo wote, kisha kesho yake anataka kuchungwa, na aliyemleta ameshasafiri. Saa zangu nyingi hupita nikisoma kiraka cha mtu mwingine, nikikijenga kwenye mifumo mitatu, nikibonyeza Tab mara mia kuona kama kishale kinaruka wijeti yoyote. Mara moja nilikipitisha kiraka bila kukijaribu kwenye Mac, kwa kuwa sikuwa na Mac karibu na mabadiliko yalionekana ya Windows tu. Yaliharibu mwendo wa kibodi upande ule. Mtumiaji asiyeona, anayetegemea kisoma skrini, ndiye aliyetuandikia, kwa adabu kubwa, kwamba hawezi tena kufika kwenye kitufe cha kuhifadhi. Tangu siku hiyo sipitishi kitu kwa kukisoma tu.

Kuna mambo ambayo sina uhakika nayo. Sijui kama kuomba vitufe vya wenyewe bado ndiyo njia sahihi. Qt, maktaba nyingine ya violesura, huchora vitufe vyake yenyewe na kuviigiza vya mfumo, na ina kampuni nyuma yake. Sisi mfumo ukigeuka tunageuka nao. Mandhari ya giza kwenye Windows, iliyoingia na 3.3 mwaka 2025, inapitia milango ambayo Microsoft haikuiweka kwenye nyaraka zake. Nilifurahi ilipoingia, na bado naogopa siku milango hiyo itakapofungwa. Sijui pia ni lini kulinda tabia ya zamani kunageuka kuwa woga. SetValue imebaki ilivyo, na kila kizazi kipya kinaangukia shimo lilelile, na wanaoanguka leo huenda ni wengi kuliko wale tunaowalinda. Sina namna ya kuwahesabu. Na maarifa ya kwa nini mstari fulani umeandikwa hivyo yamo vichwani mwa watu wachache, nalo linanitia wasiwasi kuliko hitilafu yoyote.

Kijana alipiga tena juzi. ChangeValue imemaliza mzunguko, koma zinakaa, lakini anasema akibandika bei iliyonakiliwa kutoka sehemu nyingine, kishale kinatua mahali pa ajabu. Nilimwomba achukue samples/minimal, ile programu ndogo kabisa iliyomo kwenye chanzo, aongeze kisanduku kimoja na mistari inayotosha tu kuonyesha kosa, bila duka, bila hifadhidata. Alilalamika kidogo. Usiku akanitumia mistari kumi na minne. Kwenye Linux yangu kishale kinakaa panapotakiwa. Kesho naazima kompyuta ya Windows ya dada yangu.