Je, wajua kwa nini kilomita 600 za Nairobi hadi Unguja hula saa moja na nusu?

Mpwa wangu wa gredi ya saba aliichukua tiketi yangu ya Zanzibar, akapiga hesabu nyuma ya daftari. Ndege kubwa hukimbia kama kilomita 800 kwa saa. Kutoka JKIA, uwanja wa Jomo Kenyatta wa Nairobi, hadi uwanja wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni kama kilomita 600. Gawanya: dakika 45. Tiketi ikasema takriban saa moja na nusu.

"Mjomba, hizo zingine 45 zimeenda wapi?"

Saa hazikumdanganya, maana Nairobi na Zanzibar hufuata saa zilezile. Kilichompotosha ni ile 800.

Muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka ilipoegeshwa, si inapopaa, na huisha inaposimama kabisa upande wa pili. Kujikokota hadi njia ya kurukia na kusubiri zamu nyuma ya ndege nyingine, hizo nazo zimehesabiwa. Robo saa huyeyuka hivi hivi ungali chini, mkanda umefungwa.

Halafu kuna kupaa. Ndege hupaa ikiukabili upepo, na wa Nairobi huvuma zaidi kutoka mashariki. Kwa hiyo mara nyingi utaondoka pua ikielekea Ol Donyo Sabuk, kaskazini-mashariki, ilhali Unguja iko kusini-mashariki. Lazima ikate kona kwanza.

Lakini mlaji mkubwa wa dakika ni kupanda na kushuka. Ile kasi ya 800 hupatikana juu, kwenye kilomita tisa au kumi hivi, ambako hewa ni nyepesi. Chini ya mita 3,000 hivi ndege kwa kawaida hairuhusiwi kuzidi kilomita 460 kwa saa. Nairobi imeshainuliwa mita 1,600 na ushei, basi ukanda huo wa mwendo wa pole huvukwa haraka. Unguja iko usawa wa bahari. Huko rubani huuvuka ukanda huo wote. Akiwa kilomita kumi juu, huanza kushuka zikiwa zimesalia kama kilomita 180. Ukitoa na za kupanda, safari ya kasi kamili hubaki kama theluthi moja tu. Ndiyo maana chai haijapoa, mhudumu amesharudi kukusanya vikombe.

(Ukienda, omba dirisha la kulia. Ndege inapokaribia kumaliza kupanda, Kilimanjaro hupita upande huo, na mawingu yakikuhurumia utaiona theluji.)

Kwa safari ndefu dakika hizi hazionekani. Anayekwenda London naye hujikokota, hupanda na kushuka, ila gharama hiyo inagawanywa kwa saa nane na zaidi.

Nikamwonyesha mpwa wangu mfano wa Lamu. Kutoka Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, ni kama kilomita 470, karibu kuliko Unguja, lakini ndege nyingi za huko ni za mapangaboi (propela), na zile ndogo za injini moja hufika kilomita 340 hivi kwa saa. Hata ukikimbia moja kwa moja bila kupanda wala kushuka, hiyo ni saa moja na dakika zaidi ya 20. Tena hutui Lamu yenyewe. Uwanja uko kisiwa cha Manda, kisha unavuka kwa boti.

Akauliza kama boti nayo imo kwenye tiketi. Haimo.